Pikipiki Ndefu na Mguu wa Baba

Mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, jibu hufika kooni likakaa hapo mpaka mwalimu amwite mwingine. Mama husema nilichelewa kuzungumza, na kwamba hata sasa bado nimechelewa. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo maneno yalinitoka bila kusukumwa, nayo ni juu ya pikipiki, nyuma ya baba. Kule hakuna anayekutazama uso. Umevaa helmeti, mbele yako kuna mgongo, na upepo unachukua kila unachosema. Nilikuwa nikiueleza ule mgongo habari zangu zote: mtihani wa kemia, wasichana wanaoniita bubu, ndoto nilizoota. Sijui baba alisikia kiasi gani. Nikisema la kuchekesha, mabega yake yalitikisika. Hilo lilinitosha.

Siku hizi sina pa kusemea, ndiyo maana naandika.

Baba alikuwa kiongozi wa misafara. Wageni walikuja kukodi pikipiki kubwa kwa tajiri wake, naye akatangulia mbele yao, wiki nzima, wiki mbili, mpaka Marsabit, mpaka Turkana, mara nyingine wakavuka Moyale wakaingia Ethiopia. Ukoo wetu ni wakulima wa hapa Likoni. Babu zangu walilima mihogo na kukwea minazi, na baadhi ya ndugu zake baba hawajawahi kupita Mariakani, wala hawaoni walichokosa. Baba peke yake ndiye aliyerudi nyumbani na vumbi la rangi nyingine. Kazi yangu ilikuwa kukung'uta buti zake uani. Nilijua alikotoka kabla hajasema: vumbi jekundu, Voi. Jeupe kama unga, kaskazini kabisa.

Kisha lori likamgonga njiani akirudi, akiwa karibu kabisa kufika. Paja la kushoto lilivunjika, likatiwa chuma. Mguu ulipona, lakini ulipona mfupi. Alitembea kama mtu anayeshuka ngazi moja kila hatua. Fundi mmoja wa Bombolulu, ambaye naye hutembea kwa magongo, alimwongezea soli buti ya kushoto, unene wa vidole viwili, akamtania kwamba sasa atamtazama mkewe kutoka juu. Baba alicheka. Alipofika nyumbani alitembea uani kutoka mlangoni hadi kisimani, akarudi, akaenda tena, na mama akageuka kando kufuta macho kwa ncha ya leso.

Hivyo tajiri alipopiga simu kusema kuna pikipiki mbili zimeshuka bandarini, na kwamba baba, kwa kuwa ndiye mkubwa kazini, achague kwanza, nyumba nzima tuliona kama dua imejibiwa.

Pikipiki zenyewe zilikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Injini moja, kampuni moja, rangi moja ya kijivu. Lakini moja walikuwa wakiiita ya kawaida. Kiti chake kiko chini, tangi lake la kiasi, tairi zake za lami. Nyingine waliiita adivencha, na sisi nyumbani tuliiita ile ndefu. Ile ndefu kiti kiko juu, springi zake ndefu za kurukia mashimo, tangi lake linakaribia kuwa mara mbili ya lile jingine, ili mtu avuke jangwa bila kuomba mafuta. Atakayechukua ile ndefu ndiye atakayeongoza misafara ya kaskazini. Atakayechukua ya kawaida atawazungusha wageni Diani, Malindi, labda Voi, na jioni atarudi kulala kwake.

Mama aliitaka ile ya kulala kwake. Hakuficha. Tulikuwa tunakula samaki wa kupaka, na baba alikuwa akimweleza tofauti kwa njia ambayo angeielewa. Alisema ya kawaida ni kama ndoo ya maji uliyoishika mkononi, uzito uko chini, haikusumbui. Ile ndefu ni kama ndoo ya kichwani. Ukishajua kuibeba, unakwenda nayo mbali zaidi.

"Na ikimwagika ya kichwani," mama akasema, "huloa mwili mzima."

Baba akatania kwamba yeye hajawahi kuona mama akimwaga. Mama akajibu kwamba yeye ana miguu miwili sawa. Halafu akajutia, niliona, kwa sababu alimwongezea baba samaki ambaye hakumwomba. Baba alimla hadi mfupa. Alipomaliza akaniambia nijitayarishe, kesho tutakwenda pamoja, nikamshikie helmeti.

Godauni la tajiri liko Changamwe, nyuma ya maghala ya mafuta, mahali ambapo malori hupanga foleni mchana kutwa na hewa ina ladha ya dizeli. Tajiri ni mtu wa mji, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, na Kiswahili chake ni cha polepole, kila neno kama limepigwa pasi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza masomo, nikatazama viatu vyangu. Baba alinijibia. Amezoea.

Alikuwapo pia yule kijana wa bara ambaye baba alimfundisha kazi. Baba ndiye aliyemwonyesha namna ya kusoma mchanga, wapi pa kuchota maji, nani wa kumsalimu kwanza mkifika kijijini. Mojawapo ya mambo aliyomfundisha, na ambalo nimelisikia mara nyingi mpaka naweza kuliota, ni kwamba kiongozi wa msafara haondoki na tangi nusu. Akitoka hata kwenda dukani, tangi lijae hadi kwenye kifuniko, kwa sababu dukani ndiko safari hubadilika. Yule kijana alimheshimu baba kikweli. Siwezi kumsema vibaya, ingawa nimejaribu.

Alimwambia, "Mzae, chukua hiyo ya chini uanze nayo pole. Hii ndefu mi nitaikanyaga mpaka upone fiti, halafu tubadilishane."

Alisema vizuri. Lakini nilikuwa karibu na baba na nikaona taya lake likikaza. Mguu ulikuwa umeshapona; hapakuwa na kupona kwingine kwa kungojea.

Baba akaenda moja kwa moja kwenye ile ndefu. Akauzungusha mguu wa kulia juu ya kiti, akakaa, akaishusha kutoka kwenye stendi. Sakafu ya godauni ni saruji, imekauka, haina hata mteremko wa kumwaga maji. Pikipiki zilikuwa zimetoka kwenye kontena, na matangi yake matupu kama zinavyosafirishwa. Buti ya Bombolulu ikagusa chini. Si kisigino, ila nusu ya mbele iligusa vizuri. Akaiyumbisha kushoto, akairudisha. Kulia, akairudisha. Akamtazama tajiri kama mtoto aliyepanda mnazi kwa mara ya kwanza.

"Hii," akasema.

Tajiri hakufurahi wala hakukataa. Alisema aende nayo nyumbani, alale nayo, kesho arudi amwambie moyo umesemaje. Kisha akaongeza, kwa ule upole wake, kwamba barabara ya Dongo Kundu ipo, ni pana, haina msongamano, hakuna haja ya kuhangaika na feri.

"Mimi ni mtu wa Likoni, tajiri," baba akamjibu. "Nikianza kuikimbia feri, huko Turkana nitakwenda na uso gani?"

Tulipotoka tu, kituo cha kwanza cha petroli, akasimama. Akajaza tangi. Nilimsikia akimwambia muuzaji aendelee, aendelee, mpaka mafuta yakaonekana kwenye shingo. Hakulifikiria. Mkono wake ulifanya kama ulivyozoea, na ulikuwa umezoea miaka mingi kabla ya ule mguu kuwa mfupi. Ndoo ya kichwani ikajaa. Sikuelewa wakati ule. Nilikuwa nimekaa nyuma, juu sana, nikiona vichwa vya watu wote kutoka juu, na nilikuwa na furaha ambayo naionea haya sasa. Nilianza kuusimulia mgongo. Nilimwambia baba kwamba nikimaliza shule nitakwenda naye hadi huko kwenye vumbi jeupe, na kwamba nitanyamaza njia nzima akitaka. Mabega yakatikisika.

Yeyote anayevuka Likoni kila siku anajua kwamba feri hailali ufukoni kwa namna moja. Maji yakijaa, ule ubamba wa chuma inaoushusha ili watu wapite hukaa karibu sawa na barabara. Maji yakikupwa, hasa siku za bamvua, yanapotoka mbali kabisa, feri iko chini shimoni na kutoka ni kupanda mlima. Chuma kimelowa, kimelainishwa na miguu ya maelfu, na nyuma yako watu wanasukumana kana kwamba nchi kavu itahama. Hapo ndipo pana desturi yetu. Mkokoteni ukishindwa kupanda, hamali haombi msaada. Mtu yeyote aliye karibu huweka mkono. Karani, mwanafunzi, shekhe aliyevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa, wote huweka mkono, wakasukuma hadi juu, wakaenda zao bila kuambiana neno. Baba alinifundisha hivyo nikiwa mdogo kiasi cha kufikia gurudumu tu. "Usiulize ni wa nani," alisema. "Weka mkono."

Siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa.

Waendesha boda walishuka wakazisukuma zao kwa mkono. Baba hakushuka, na mimi sikushuka kwa sababu hakuniambia. Feri ikagonga, mnyororo ukaachiliwa, umati ukamiminika. Tukaanza kupanda. Mbele yetu kulikuwa na mkokoteni wa mitungi ya maji, na katikati ya mlima ukasimama.

Nitaeleza polepole, kwa sababu jambo lenyewe lilikwisha upesi mno. Pikipiki ikisimama mlimani, mguu wa kulia unatakiwa ukanyage breki ya nyuma isirudi. Kwa hiyo ni mguu wa kushoto unaoshuka kubeba. Baba akaushusha. Chuma kilikuwa chini kuliko saruji ya godauni, kwa sababu ya mteremko, na buti ikatafuta. Niliuhisi mwili wake wote ukitafuta. Ilipogusa, iligusa kwa ncha, soli ile nene ikateleza kwenye maji, na mafuta yote yale yaliyokuwa juu, na masanduku ya mizigo ya ubavuni, na mimi, tukaanza kulalia kushoto. Si kwa kishindo. Polepole, kama mti unaojua umekwisha kukatwa.

Hatukuanguka. Hilo ndilo ningependa watu waelewe. Tungeanguka, labda ingekuwa afadhali.

Mikono ilitoka kila upande. Mmoja alishika sanduku, mmoja usukani, mwingine alinishika mimi kiunoni akaniweka chini kama mzigo. Yule hamali aliyekuwa mbele aliuacha mkokoteni wake kwa wenzake akaja kushika ubavu. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga picha, au kama yupo sikumwona. Hamali akasema, kwa sauti ya heshima kabisa, ya mtu anayesema na baba yake:

"Shuka mzee. Tulia. Tutakusukumia."

Baba akashuka. Wakaisukuma ile pikipiki hadi juu, watu sita, labda saba, na baba akapanda nyuma yao akichechemea, mkono mmoja mbele kama mtu anayetaka kusaidia lakini hapati nafasi ya kushika. Juu waliisimamisha kwenye stendi, wakampa salamu, wakapotea. Hamali alirudi kwenye mitungi yake. Mimi nilisimama na helmeti kichwani. Nilitaka kusema kitu. Kilifika kooni, kikakaa.

Nyumbani aliiegesha uani. Watoto wa jirani wakaja wakaizunguka, wakagusa tairi, wakaulizana inakwenda kasi gani. Mama akatoka, akatazama pikipiki, akamtazama baba, akatazama buti ya kushoto ambayo ubavu wake ulikuwa umechubuka. Baba akasema ni nzuri. Akasema ni nzuri sana, haijapata kutengenezwa nzuri kama hii. Kisha akaingia ndani, akauacha mlango wazi, jambo ambalo hafanyi.

Asubuhi aliirudisha. Nilimwomba twende pamoja, naye akanipa helmeti. Tulipofika barabara kuu nilingoja akate kwenda kivukoni. Hakukata. Alielekea Dongo Kundu, njia pana, isiyo na mteremko wa kusimama, na nikajua. Sikusimulia chochote. Kuna daraja refu pale, unaona mikoko chini na maji yanayong'aa, na kwa mara ya kwanza maishani nilikaa nyuma ya baba nikawa kama nilivyo darasani.

Godaunini alimpa yule kijana ufunguo wa ile ndefu. Alimwambia achunge, tangi likijaa ni mnyama mwingine, asiijaribu ikiwa tupu akadhani ameijua. Kijana alisema sawa mzae, akatazama chini. Tajiri akaionyesha ile ya kawaida. Akasema ni pikipiki ya heshima, wageni wengi wazee wanaitaka hiyo hiyo, na Diani nako kuna pesa.

Baba akaikalia. Nilikuwa nimesimama mbele yake, kwa hiyo niliona vizuri. Miguu yote miwili ilishuka, na yote miwili ikalala sakafuni, kisigino na kidole, hata ule wa kushoto. Ilimkaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Alikaa pale muda mrefu, mikono kwenye usukani, akitazama ukuta wa mabati. Tajiri akatabasamu kwa faraja. Hata mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo. Niliomba kwa nguvu, wallahi, kwamba aipende.

"Inanitosha," baba akasema. "Inanitosha kabisa, tajiri."

Akaiweka kwenye stendi, akashuka, akaupangusa usukani kwa kiganja pale alipoushika. Akasema mpe mwingine.

Tajiri alibembeleza. Mama alibembeleza kwa majuma. Mjomba alikuja akamwambia kwamba kukataa riziki ni kufuru, na baba akamwitikia kwa adabu, akamkaribisha chai. Nilichoelewa mimi, na huenda nimekosea, ni kwamba kabla ya kuikalia ile ya chini alikuwa na kitu cha kulaumu: feri, bamvua, mitungi ya maji. Ile ya chini ilimpima. Ilimwonyesha ukubwa wake ulivyo sasa, bila kosa, na kwamba dunia inayomtosha inaishia Voi.

Ile ya kawaida alipewa mtu wa Mjambere. Nimeiona mara moja ikipita, na mke wake nyuma, wakicheka.

Baba sasa anafanya kazi ofisini, godaunini hapo hapo. Tajiri alimpa kiti na simu. Msafara ukiwa kaskazini na yule kijana akapotewa na njia, hupiga, na baba humweleza: kuna mti uliopasuliwa na radi, upite kulia kwake, usifuate nyayo za ngamia, zinakwenda kisimani si kijijini. Anaeleza macho yakiwa yamefumbwa. Nimemwona. Akimaliza hufumbua macho, na mbele yake kuna kalenda na dirisha la malori.

Buti hazina vumbi tena. Bado nazitoa uani asubuhi, kwa mazoea, nazigonga moja kwa nyingine, ile nyepesi na ile nzito, na hakuna kinachotoka.

Wakati wa likizo mama hunituma niende na baba kazini, ati nimbebee chakula. Ukweli ni kwamba anauogopa ukimya wake na hana mwingine wa kuuchunga. Ametuma bubu kumchunga bubu. Tunakwenda kwa miguu hadi kivukoni, tunavuka, tunapanda gari upande wa pili. Jioni tunarudi hivyo hivyo.

Juzi maji yalikuwa yamekupwa. Tulipoteremka kwenye feri upande wa Likoni, mkokoteni wa magunia ya makaa ulikuwa umekwama katikati ya ule mlima wa chuma. Hamali alikuwa ameinama mpaka paji la uso lilikaribia gunia, na miguu yake peku ilikuwa ikirudi nyuma kidogo kidogo. Baba alikuwa karibu naye kabisa. Angenyoosha mkono angeligusa gunia.

Aliingiza mikono mfukoni. Akapita ubavuni, akichechemea, akitazama mbele, kama mtu wa mji mwingine ambaye hajui desturi ya hapa.

Nikaweka mkono. Watu wengine nao wakaweka, tukasukuma, makaa yakanichafua nguo zote. Juu hamali akageuka, akaniona ni msichana, akasema ahsante binti, Mungu akuweke. Nilitaka kumjibu. Nikatazama mbele kumtafuta baba, na alikuwa amesimama kando ya barabara akinisubiri, amenipa mgongo. Ule ule mgongo. Nikaenda nikasimama nyuma yake, karibu kama zamani, nikafungua mdomo, na hapakuwa na upepo wa kuyachukua maneno.

"Twende," akasema, bila kugeuka.

Tukaenda.